Miaka saba katika shule ya msingi ya Kanisa la Uingereza: tathmini ya mzazi

Julai hii mwanangu wa kwanza amemaliza miaka saba katika shule ya msingi ya Kanisa la Uingereza, kwenye mji mdogo wa kusini mwa Uingereza tunakoishi. Sisi ni Waislamu, wenyeji wa Tanga, na kila mwaka muda wa kuomba nafasi unapokaribia, wazazi wenzangu Waswahili walioko huku hunipigia simu wakiuliza mambo mawili: je, watoto wanasoma kweli, na je, watageuzwa dini? Nitayajibu yote mawili, lakini la kwanza ndilo lenye uzito zaidi kwangu, kwa kuwa shule hii inafundisha kusoma vizuri kuliko shule yoyote niliyopata kuiona, hapa au nyumbani.

Kiingereza humtesa mtoto anayeanza kusoma. Kwa Kiswahili, mtoto akishaishika ba, be, bi, bo, bu, yaliyobaki huja yenyewe. Kwa Kiingereza, herufi "a" ya "cat" siyo ya "cake", wala siyo ya "call". Katika darasa la awali, mwanangu akiwa na umri wa miaka minne, kila asubuhi kulikuwa na kipindi kifupi cha sauti: mwalimu huinua kadi, watoto hutamka sauti, kisha huziunganisha hadi neno likasikika. Jioni alirudi na kitabu chembamba chenye sauti alizokwisha kufundishwa tu, pamoja na daftari dogo ambamo mzazi huandika alichosikia mtoto akisoma, na mwalimu huandika chake. Madaftari hayo nimeyatunza. Katika ukurasa mmoja wa Mwaka wa 1, mwalimu ameandika kwamba mtoto alikwama kwenye "through", akarudia mwenyewe bila kusaidiwa, na mwalimu akatuomba nyumbani tusiwe na haraka ya kumtajia neno. Mwalimu huyo alikuwa na watoto 30 darasani, ambayo ndiyo idadi ya juu inayoruhusiwa na sheria kwa madarasa ya wadogo, na bado alikuwa amesikia kigugumizi cha mtoto mmoja kwenye neno moja. Mwezi Juni wa mwaka huo watoto wote nchini hupewa maneno 40 wayasome, nusu yake yakiwa maneno ya kubuni yasiyo na maana, ili ijulikane kama mtoto anasoma kweli au amekariri. Mwanangu aliyafurahia yale ya kubuni kuliko ya kweli.

Hisabati ndiko tulikopata maumivu, na naliandika hili kwa sababu linaweza kumpata mtoto yeyote anayezungumza lugha nyingine nyumbani. Katika Mwaka wa 3 aliwekwa kwenye kundi la wanaohitaji msaada, ilhali tebo za kuzidisha alikuwa amezimudu, bibi yake akimsikiliza kwa simu kutoka Tanga. Tulikuja kujua baada ya miezi mingi, katika kikao cha wazazi cha dakika 10, na jibu tulilopewa lilikuwa kwamba anakosa maswali ya maelezo. Tuliomba asomewe swali kwa sauti. Mwalimu msaidizi akamsomea, naye akajibu pale pale. Kilichomshinda ilikuwa lugha ya swali, na shule yenye masikio makali hivyo katika kusoma ilipaswa kuligundua hilo kabla yetu. Kosa lilirekebishwa, naye alifanya vizuri katika jaribio la tebo la Mwaka wa 4, ambalo lina maswali 25 na sekunde 6 kwa kila swali. Hata hivyo, miezi ile haikurudi. Katika Mwaka wa 6 nako, mitihani ya taifa ya mwezi Mei ilimeza muziki na uchoraji kwa karibu muhula mzima, jambo ambalo sikulipenda.

Kuhusu dini, wengi hawajui kwamba sheria ya Uingereza inazitaka shule zote za serikali, hata zisizo za kanisa, ziwe na ibada ya pamoja kila siku, na kwamba mzazi ana haki ya kumtoa mtoto wake katika ibada na katika somo la dini. Sisi hatukumtoa. Nilihudhuria mara kadhaa: mshumaa huwashwa, kisa husimuliwa, wimbo huimbwa, kisha kinafuata kimya kifupi ambacho mtoto anaweza kukitumia kusali au kutafakari tu. Padri huja mara kwa mara na watoto wanamjua kwa jina. Kwa mtu wa Tanga haya si mageni, kwani Waanglikana walifungua shule Magila, karibu na Muheza, tangu karne ya 19, na Waislamu wengi wa kwetu wamesoma katika shule za misheni wakabaki Waislamu.

Hata hivyo, shule hizi si za aina moja, nazo ni karibu robo ya shule zote za msingi za serikali nchini. Katika yetu, halmashauri ndiyo inayopanga nafasi na muhtasari wa somo la dini, hivyo Uislamu ulifundishwa kwa kina na kwa heshima. Katika aina ya pili, bodi ya shule ndiyo yenye mamlaka hayo, na waombaji wakizidi nafasi inaweza kutanguliza familia zinazohudhuria kanisani. Uliza mapema ni aina ipi. Soma pia ripoti mbili, ya Ofsted, yaani wakaguzi wa shule wa serikali, na ile ya wakaguzi wa Kanisa, kwani kila moja hutazama jambo lake. Na tangu Septemba 2024 Ofsted haitoi tena alama ya neno moja kwa shule nzima, kwa hiyo hakuna njia ya mkato.

Mwisho wa kuomba ni tarehe 15 Januari. Kabla ya hapo, nenda asubuhi watoto wakiwa madarasani, omba uoneshwe daftari la kusoma la mtoto yeyote bila kutajiwa jina lake, uone kama mwalimu anaandika jambo la maana au anatia saini tu. Kisha mwulize mwalimu mkuu wanajuaje kama mtoto mkimya, ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili, ameielewa hesabu. Mimi nilimwuliza swali hilo mwaka huu, akanionesha utaratibu mpya wa kuwasomea watoto hao maswali tangu Mwaka wa 1. Binti yetu mdogo anaanza hapo Septemba.