Denso K16R-U11 kwenye IST: za kawaida lakini zinafanya kazi

Wakuu, hizi plagi za Denso K16R-U11, zile za kutoa cheche kwenye injini, nazitumia muda sasa kwenye Toyota IST ya injini ya 1NZ na naona watu wanazidharau bure kisa ncha yake sio ya iridiamu, ile metali ngumu ya bei. Mimi nazikubali sana. Gari iliyokuwa inamisi (inakosa cheche na kukatakata) kila ukikanyaga mafuta kupanda kilima, ukizifunga mpya unasikia tofauti hapo hapo, sailensa (muungurumo ukiwa hujakanyaga mafuta) inatulia, kwenye foleni na AC imewashwa haitetemeki, asubuhi unapiga stata mara moja imewaka.

Ni za nikeli. Kile kichuma cha juu kilichojikunja kina kamfereji ka umbo la U, ndo maana ya hiyo U kwenye namba, 16 ni kiwango cha joto na 11 ni uwazi wa milimita 1.1 kati ya hicho kichuma na ncha ya katikati, pale cheche inaporuka. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "chukua hii zinaingiliana tu" kataa, maana uzi unaweza kukubali na joto likawa silo kabisa.

Kasoro yake ni kuisha mapema. Cheche inakula ncha kidogo kidogo, zile kona kali zinakuwa za mviringo, uwazi unapanuka, koili (kile kifaa kinachoipa plagi umeme) inalazimika kusukuma umeme mwingi zaidi, na 1NZ ina koili nne, kila silinda na yake, sasa piga hesabu mwenyewe ukiziua. Mimi kila kilomita 20,000 hivi natoa. Iridiamu og (orijino) inaweza kwenda mpaka 100,000 lakini ipate og!

Maana hapo ndo pananiuma. Kuna duka la spea niliuziwa "iridiamu" boksi safi kabisa, kufungua nyumbani ile washa (pete ya chuma iliyo juu ya uzi wa plagi) inachomoka kwa vidole, ncha ya katikati imekaa upande na pale ilipochomelewa pamevimba. Plagi og washa yake unaizungusha lakini haitoki. Kurudisha, muuzaji ananiambia ni toleo jipya. Jamani hiyo ni injini ya mtu, kauli gani hiyo! Ndo maana nasema bora nikeli ya kweli kuliko iridiamu ya kuchorwa.

Kufunga ni rahisi, subiri injini ipoe, toa kava, kila koili ina bolti moja ya namba 10, pulizia vumbi kabla hujafungua ili mchanga usidondokee ndani. Plagi anza kwa mkono mpaka igote ndo ushike spana, nusu mzunguko au ikizidi theluthi mbili inatosha, hedi (kichwa cha injini) ni aluminiamu hiyo fundi akikaza kwa hasira uzi unaliwa. Na zile za zamani zipange kwa mpangilio wa silinda uziangalie, kahawia hafifu iko poa, nyeusi ya masizi makavu mafuta yanazidi, ikitoka imelowa oili basi ringi au sili za valvu zinahitaji fundi na plagi mpya haitakusaidia. Mambo ya kusugua na msasa ili zirudi kazini mimi sitaki hata kusikia.

Nazipa 4 kwa 5. Ila kama gari yako ni V6 (silinda sita) ambayo kufikia plagi za nyuma mpaka ufungue manifodi (mabomba ya kuingizia hewa), tafuta iridiamu og hata kwa bei, kazi ile sio ya kurudia rudia.