Mvinyo wa Dodoma: chupa tatu za kuweka katikati ya meza

Bia kila mtu ana yake. Mvinyo ni chupa moja katikati ya meza, mililita 750, na kwa watu 6 kila mmoja anapata glasi ya mililita 125. Basi tuupime mvinyo wa Dodoma kwa kazi hiyo ya kuwakalisha watu pamoja.

Anza na mwekundu mkavu, yaani usio mtamu, ule ulioandikwa "dry" kwenye lebo. Ukipata uliotengenezwa kwa zabibu ya Makutupora, chukua huo. Rangi yake imekolea, uchachu upo, na una ukakasi ule wa kuuma bibo la korosho. Ukinywewa mtupu unaudhi. Lete mbuzi wa kuchoma mwenye mafuta: mafuta na chumvi ya nyama hulainisha ule ukakasi, na mtu aliyekunja uso anaanza kuuliza chupa imetoka wapi. Kosa kubwa ni joto. Ushauri wa "joto la chumbani" ulitoka Ulaya kwenye vyumba vya baridi. Dar es Salaam nyuzi 30 hufanya pombe ipande puani na matunda yasisikike. Weka kwenye friji kabla ya kufungua, unywewe kwenye nyuzi 16 hivi.

Mweupe wa zabibu ya Chenin Blanc ndio unaokwenda na samaki na kuku, hata na mlenda, maana uchachu wake hukata ule utelezi. Unywewe ungali mchanga. Lebo ikikosa mwaka wa mavuno, tafuta tarehe ya kujazwa. Uliogeuka rangi ya chai, uache dukani. Friji saa 2 na nusu, au dakika 20 kwenye ndoo ya barafu yenye maji na chumvi kidogo. Barafu tupu hupoza polepole kwa sababu haiigusi chupa yote.

Mwekundu mtamu ndio unaopendwa zaidi na wanaoanza, na sifa zake zimezidishwa. Una nafasi moja ya kweli: chakula cha pilipili. Pilipili huongeza ukali wa pombe na ukakasi, sukari huutuliza. Mimina mililita 75 tu, baridi, karibu na mwisho wa mlo. Ukitangulia, mkavu utakaofuata utaonekana siki.

Dukani, shika chupa kabla ya bei. Kizibo kilichoinuka au shingo inayonata maana yake chupa ilipikwa na jua, ndani ya lori au dirishani, na ladha itakuwa ya jamu iliyoungua. Harufu ya boksi lililolowa ni ugonjwa wa kizibo, hautibiki; rudisha. Mashapo chini si kasoro: simamisha chupa saa kadhaa, mimina taratibu. Soma pia viambato, kwani baadhi ya chupa za bei poa ni maji, sukari na ladha. Dodoma huvuna zabibu mara 2 kwa mwaka, na mavuno ya kiangazi kwa kawaida ndiyo yenye sukari nzuri, kwa kuwa mvua huleta ukungu na kuzimua juisi.

Sasa mazungumzo. Funika chupa 2 kwa gazeti, mimina mililita 50 kwa kila mtu, theluthi ya glasi isizidi, ili kuwe na nafasi ya kuzungusha na kunusa. Kila mmoja ataje kitu anachokijua: zambarau, ukwaju, mapera, ngozi ya viatu vipya. Mwenyeji aseme wa mwisho, la sivyo wote watakubaliana naye. Mjomba asiyewahi kugusa mvinyo mara nyingi ndiye hutaja harufu sahihi zaidi, kwa kuwa hajakariri maneno ya lebo. Wasiokunywa, na anayeendesha gari, wapewe rozela baridi kwenye glasi zilezile. Nayo ina uchachu na ukakasi, kwa hiyo hawabaki nje ya mchezo.

Ukibaki, ziba na urudishe kwenye friji, hata mwekundu. Siku 3 utanyweka. Siku ya 5 utie kwenye mchuzi wa nyama, kikombe kimoja kwa kilo, mwanzoni kabla ya nyanya.