Tahadhari: Bodi Nyeupe Zinazouzwa Kariakoo kwa Jina la Bodi za Saruji

Ninaandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kuna mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, upande wa Kariakoo, anayewauzia watu bodi za oksidi ya magnesiamu kwa jina na kwa bei ya bodi za saruji za kubandikia vigae bafuni. Jina lake na la duka lake silitaji kwa sababu malalamiko yangu bado yanaandaliwa, lakini mbinu yake nitaieleza, kwa kuwa wapo watakaoingia dukani kwake wiki hii.

Mama yangu anapata shida na ngazi, ndiyo maana bafu la juu halikuweza kusubiri. Ukuta wa tofali ungeielemea zege pale pasipo na boriti chini yake, hivyo fundi alishauri fremu ya vyuma vyepesi na bodi.

Muuzaji alitupokea kwa heshima zote. Fundi alipouliza kama tuchukue bodi za sakafuni pia, yule bwana alitikisa kichwa na kuniambia: "Hapana mama, sakafu yako ni ya zege, vigae vinakaa juu yake moja kwa moja. Bodi ya milimita 6 ni ya mwenye sakafu ya mbao, na hata huyo haimwongezei uimara wa sakafu, inampa tu uso mzuri wa kushika gundi. Wewe chukua milimita 12 za ukutani, basi." Mtu aliyekuwa anaweza kuniuzia mzigo zaidi alikataa fedha yangu mbele ya macho yangu. Nilipoigusa jipsamu ya kijani iliyokuwa imeegemezwa karibu na mlango, alinizuia, akaeleza kwamba ile rangi ni ya karatasi tu, ndani bado ni jipsamu, na maji yakipenya kwenye maungio italainika na kuachia vigae. Kisha akatoa kipande cha bodi ya saruji, cha kijivu, chenye chembe za mchanga na wavu wa nyuzi za kioo pande zote mbili, akakimiminia kikombe cha maji na kutuonyesha kuwa hakibadiliki. Akamalizia kwa kumkumbusha fundi asiache kupaka dawa ya kuzuia maji kabla ya vigae, kwa maana saruji haiozi lakini hupitisha maji.

Kila neno lililotoka kinywani mwake lilikuwa kweli. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo, kwamba mtu alitumia elimu sahihi kabisa kuwa chambo cha bidhaa ya uongo. Bei nayo haikuwa ya kutiliwa shaka, kwa sababu alitoza ileile ya bodi halisi.

Mzigo uliletwa jioni kwa kirikuu, umefungwa nailoni, na bodi za juu zilikuwa sawasawa na kile kipande cha dukani. Zilizofuata chini yake zilikuwa zimepakwa kijivu usoni, na fundi alipoweka grainda, vumbi lilitoka jeupe. Nilimpigia simu muuzaji papo hapo, tena fundi akisikiliza. Akajibu bila kusita kwamba hizo zimetengenezwa kwa saruji nyeupe, na kwamba ni bora zaidi. Saruji nyeupe ipo, mafundi wetu huitumia kila siku kujazia mistari ya vigae, na kwa hiyo jibu lile lilikuwa na mantiki kwetu sote wawili. Kazi ikaendelea. Fundi alipaka dawa, akaziba maungio kwa utepe wa wavu na gundi, akaacha nafasi ndogo kati ya bodi na bodi kama inavyotakiwa. Naomba mtu yeyote asimtupie yeye lawama.

Masika yalipoingia, matone yalianza kujitokeza chini ya safu ya mwisho ya vigae, upande ambao hauna hata bomba. Tukiyafuta yanarudi, na wala hayakauki. Baadaye alama za kutu zikapenya kwenye grauti, yaani kijazio cha mistari ya vigae, vigae vikaanza kulia vitupu vikigongwa, na hatimaye kipande cha ukuta kikalegea mahali ambapo mama hushika anaposimama. Fundi alipobomoa, bodi zenyewe zilikuwa bado ngumu, lakini skrubu zilikatika kwa vidole na fremu ilikuwa imeliwa.

Bodi hizi hutengenezwa kwa oksidi ya magnesiamu na kloridi ya magnesiamu, na kloridi hiyo huvuta unyevu wa hewani, kisha bodi hutoa matone ya chumvi yanayokula chuma. Nchini Denmark zilitumika kwenye kuta za nje za majengo mengi kati ya mwaka 2010 na 2015, hadi ikabidi zing'olewe kwa sababu hiyohiyo, mbao zikiwa zimeota ukungu na vyuma vimeshika kutu. Sasa fikirieni bafu la Dar es Salaam wakati wa mvua. Zipo za salfeti zisizo na kasoro hii, na anayeziuza kwa jina lake halisi sina ugomvi naye.

Kile kikombe cha maji hakithibitishi lolote, maana hata bodi hizi haziyeyuki. Vunjeni kona ya bodi ya katikati ya mzigo, si ya juu, na mkiona weupe ndani, rudisheni. Tazameni kama kuna chapa ya kiwanda mgongoni. Zangu hazikuwa nayo. Risiti pia: alidai mtandao umekata, akaniandikia kwa mkono "vifaa vya ujenzi" bila kutaja aina ya bodi, na sasa naelewa kwa nini.

Mtu huyu anastahili kufungiwa duka. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na ninataka Tume ya Ushindani imtie hatiani, Shirika la Viwango (TBS) lipime shehena yake yote, na Mamlaka ya Mapato (TRA) imuulize kuhusu risiti zake. Anirudishie fedha za bodi, za vigae na za ufundi, kisha aeleze mbele ya mama yangu kwa nini alimwekea ukuta wa kumwangukia.

Yeyote aliyeuziwa bodi za namna hii asitupe vipande wala skrubu zilizoliwa. Pigeni picha za kona zilizovunjika na za risiti, mniandikie faragha, ili malalamiko yaende tukiwa wengi.