Programu ya mahesabu niliyoiunganisha na benki: nzuri, ila usiiachie kila kitu

Kama bado unaingiza miamala ya biashara kwa mkono kila jioni basi soma hapa, mi nishahama na sirudi huko, ila kuna vitu watu wa mauzo hawakwambii.

Kuunganisha kwenyewe wala sio kazi. Unachagua benki yako, inakupeleka kwenye ukurasa wa benki yenyewe, unaingia huko, namba ya uthibitisho inakuja kwenye simu, unakubali, kwisha. Hapo niliwapenda, maana paswedi unaiandika kwa benki na sio kwao, na ruhusa wanayopata ni ya kusoma tu, hawawezi kuhamisha hata senti. Kuna programu zingine zinataka uandike paswedi ya benki humo humo ndani yake, hizo mi hapana.

Sasa kasheshe ni miamala ikishaingia. Nimehamisha hela toka akaunti ya biashara kwenda ya akiba, zote zangu, zote zimeunganishwa, programu ikaandika matumizi huku na mapato kule, yaani kwenye ripoti ya mwezi naonekana nimeuza kumbe hela imehama mfuko tu. Ukiacha hivyo hivyo unaweza kujikuta unalipia kodi hela ambayo sio mauzo. Dawa yake unaichagua kama uhamisho na kuoanisha pande zote mbili, lakini kitufe chenyewe wamekificha kwenye menyu ya ndani kabisa, sijui kwa nini.

Malipo ya kadi nayo yana mambo yake. Mteja analipa ankara ya 100, benki inaingia 97 kwa sababu kampuni ya malipo imeshakata chake, programu inakaa inashangaa, haioni ankara ya 97. Inabidi mauzo uyaandike 100 kamili halafu 3 iende kwenye makato, ukiandika 97 peke yake ankara inabaki na deni na mteja wa watu anatumiwa ujumbe wa kudaiwa wakati kalipa zamani!

Kingine ruhusa ya benki ina mwisho wake. Umoja wa Ulaya kwa mfano ni siku 180, zamani ilikuwa 90, kwingine wana taratibu zao. Tatizo ruhusa yangu ikiisha programu inanyamaza tu, hakuna imeli wala nini, unaona miamala haiji unadhani biashara imedorora. Huduma kwa wateja niliwauliza wakanijibu "jaribu kuunganisha tena", asanteni sana.

Kwa hiyo nyota nne. Ile sehemu ya programu kuthibitisha miamala bila kuniuliza nimeizima, inapendekeza tu afu mi ndo nabonyeza, na mwisho wa mwezi salio la kwenye programu nalilinganisha na stetimenti ya benki kabla sijagusa ripoti yoyote.