Mota mbili za boti ya rimoti, ndani si pacha

Haya wadau karibuni, niko nyumbani hapa Tudor, Mombasa, na mezani nina mota mbili za brashilesi, yaani zisizo na brashi, za boti ya rimoti, hii ya bluu na hii nyeusi, zote zimeandikwa 3660, yaani kipenyo milimita 36 urefu 60, shafti zote za milimita 5, ukiziweka pamoja utasema pacha. Ya bluu koili zimeungua, nikiinusa tu napata ile harufu ya vanishi. Nyeusi koili ni nzima ila bering zimeliwa na chumvi, sikizeni nikiizungusha... mmesikia huo mkwaruzo?

Basi mwanzo nikachukua rota ya bluu, ile sehemu ya katikati inayozunguka yenye sumaku, pamoja na bering zake nikaitia kwenye nyeusi, ikaingia, kifuniko kikafunga, skrubu zikakaza, nikaona kazi imekwisha. Jioni maji yamejaa nikaenda nayo krikini, betri ya 3S, yaani seli tatu za jumla volti 11.1, dakika mbili tu boti imelegea, kuitoa mota haishikiki kwa joto na maji ya kupoza yanatoka vizuri kabisa.

Kuifungua nikapima kwa venia, kile kipimo cha milimita, kumbe sumaku ya bluu ni fupi kwa milimita 4! Hapa ndo nataka mnielewe manake wengi wanadhani KV iko kwenye koili peke yake. KV ni mizunguko kwa kila volti, nyeusi ni 2000, kwa volti 11.1 inakuwa 22,200 kwa dakika bila mzigo, lakini hesabu hiyo ni ya koili hizi na sumaku yake hii. Ukitia sumaku fupi mota inataka kukimbia zaidi, inavuta ampea nyingi na nguvu ya kusukuma propela inapungua, na joto likizidi sana hata sumaku yenyewe ya neodimiamu inaisha nguvu na hairudi tena. Na hizi angalau zote ni poli 4, yaani ncha nne za sumaku, rota ya poli 2 kwenye koili za poli 4 usijaribu kabisa.

Kwa hivyo nikarudisha rota ya nyeusi, nikahamisha bering tu. Tazama hapa ubavuni imeandikwa 625, tundu 5, nje 16, unene 5, na za nyeusi ni 625 vilevile. Ingekuwa 695 nje ni 13, ingecheza humo ndani. Toa kwa pula, kile kifaa cha kuvuta bering, usigonge shafti na nyundo, ikipinda kidogo tu boti nzima inatetemeka. Na vidole jamani, rota ikikaribia koili inavutwa kwa nguvu, tak! imenibana kucha juzi mpaka leo nyeusi.

Koti la maji ya kupoza la bluu nalo limekaa sawa kwenye nyeusi.

Kwangu mimi nyeusi ndo mota, sumaku ndefu, koili zimejaa vizuri, ya bluu nimeibakisha kwa spea tu. Ila ukitoka baharini isuuze maji matamu, ikauke, tia oili kwenye bering siku hiyohiyo. Haya sikizeni sasa nikiizungusha... kimya.