Nilivyozungushwa Nairobi penye damu: nyota tatu, mbili kati yake ni za mjomba

Nianze na pesa, maana najua ndizo unazotafuta. Shilingi 3,500 kwa kichwa, unalipa kwa M-Pesa siku mbili kabla, chakula ni juu yako. Ni ziara ya kutembelea nyumba na barabara zilikotokea mauaji makubwa ya Nairobi, saa tano nzima, watu tisa ndani ya Nissan moja. Jina la kampuni naliacha. Kiongozi wetu alikuwa kijana mwenye adabu na aliyesoma kazi yake, na ninayoyalalamikia hayakuwa makosa yake peke yake.

Nilikwenda na mjomba wangu, mdogo wake mama, aliyekulia Pumwani na mwaka huu ametimiza sabini. Alikubali kwa sharti moja tu: asikalishwe nyuma. Tuliambiwa tutaondoka saa mbili asubuhi. Tuliondoka saa tatu kasorobo, mjomba akiwa mbele kando ya dereva kama aliyeikodi gari yeye.

Kituo cha kwanza kilikuwa Karen, na hapo ndipo siku ilipoliwa. Tulishushwa karibu na njia panda ya barabara ya Karen na ya Ngong, ambako Januari 1941 Lord Erroll, bwana mkubwa wa walowezi wa Kiingereza, alikutwa ndani ya gari lake, amepigwa risasi ya kichwa. Kiongozi alikuwa na faili la picha: mabibi wenye kofia, farasi, karamu. Mshukiwa alikuwa Sir Jock Delves Broughton, mzee ambaye mkewe kijana, Diana, alikuwa akitembea na Erroll waziwazi. Alishtakiwa, na Julai mwaka huohuo mahakama ikamwona hana hatia. Mwaka uliofuata akafa Liverpool kwa mofini aliyojidunga mwenyewe. Muuaji hakupatikana mpaka leo.

Sikatai, ni hadithi tamu na kijana anaijua kuisimulia. Akatutoa hapo akatupeleka kwenye vichochoro vyenye miti mirefu, tukaangalia geti moja la nyumba aliyosema ndiko Broughton alikokaa, kisha tukarudi tena njia panda kupiga picha. Saa moja na dakika arubaini! Wageni wawili wa Uholanzi walikuwa wameduwaa kwa furaha.

Mjomba aliuliza swali moja tu. Kiongozi alikuwa amesema kwamba walioliona gari lile usiku ule walikuwa Waafrika wawili wa lori la maziwa.

"Na hao wa maziwa," mjomba akasema, "walikuwa wakiitwa nani?"

Kijana akafungua faili lake. Majina ya farasi yalikuwemo.

Westlands tulipewa dakika ishirini. Hapo ndipo Pio Gama Pinto alipouawa asubuhi ya tarehe 24 Februari 1965, ndani ya gari, kwenye njia ya kutokea nyumbani kwake, bintiye mdogo akiwa kiti cha nyuma. Mzaliwa wa Nairobi, mbunge, mtu aliyefungwa na wakoloni kwa ajili ya uhuru, akawa mwanasiasa wa kwanza kuuawa hivyo baada ya uhuru huohuo kupatikana. Kisilu Mutua, aliyehukumiwa kwa mauaji hayo, alikaa jela miaka 35 akisema si yeye, mpaka alipoachiliwa kwa msamaha wa rais mwaka 2000.

Kiongozi alisimamisha gari kwenye barabara ya mitaani akasema ni hapa. Sikuona kibao wala jiwe. Tukashuka, tisa tumejipanga mbele ya ukuta wa nyumba ya watu, simu mikononi. Bawabu wa geti la jirani akatoka.

"Mwamtafuta nani?"

"Tunaangalia tu," akajibu kiongozi.

Bawabu akatutazama mmoja mmoja. Niliona haya, nasema kweli. Kuna mtu anaishi pale, pengine alikuwa akinywa chai. Ukienda, simu iache garini, na usinyanyuke kwa vidole kuchungulia ukuta kama alivyofanya mwenzetu mmoja ambaye sitamtaja, ila ni mimi.

Nyayo House ni malalamiko yangu makubwa. Tangazo lao lina picha ya seli ya chini, giza na sakafu iliyolowa. Mtu yeyote angedhani ataingia. Hatukuingia. Tulisimama ng'ambo ya barabara tukaoneshwa jengo la ghorofa 27 ambalo kila Mkenya aliyewahi kutafuta pasipoti analijua kwa foleni yake. Maelezo yalikuwa mazuri lakini ya haraka: msako wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali ya Rais Moi, kuanzia 1986, watu kufungiwa chini ndani ya maji siku baada ya siku, kupandishwa juu kuhojiwa na kuteremshwa tena, seli kufunguliwa watu wazione mwaka 2003 baada ya Moi kuondoka, Mahakama Kuu mwaka 2010 kuwapa fidia watu 21. Haya yote ndani ya dakika kumi, kwa sababu tulikuwa tumechelewa. Tumechelewa kwa nini? Kwa sababu ya farasi.

Kwa hiyo tulipofika Moi Avenue, penye sanamu ya Tom Mboya, kiongozi alikuwa akitazama saa. Akaanza kukimbiza: Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, saa saba hivi mchana, waziri wa miaka 38 ametoka Addis Ababa, ameingia duka la dawa la Chhani kununua mafuta ya ngozi, anatoka mlangoni, risasi. Njenga Njoroge akahukumiwa, akanyongwa mwaka huohuo.

"Ngoja kwanza," mjomba akasema.

Alikuwa darasa la sita. Jumanne iliyofuata kaka yake alimchukua kwa miguu hadi kanisa la Holy Family, kwenye misa ya marehemu. Watu walikuwa wamefurika, na msafara wa Kenyatta ulipofika kelele zikazidi, kisha gesi ya machozi. Hakuona jeneza. Aliona visigino vya watu na mkono wa kaka yake, na alipofika Pumwani alikuwa na kiatu kimoja. Baba yake alimchapa, si kwa kwenda, kwa kiatu.

Aliyasema kwa Kiswahili, polepole, wachuuzi wakipita katikati yetu, na ilibidi kiongozi, aliyekuwa akituzungumzia Kiingereza tangu asubuhi, awatafsirie Waholanzi. Akamwomba ruhusa amrekodi. Saa yake hakuitazama tena.

Nyota moja ni ya kijana, kwa bidii na kwa kukubali kunyamaza. Wakipunguza Karen ibaki nusu saa na kuondoa ile picha ya seli, nitaongeza.

Juzi amenitumia ujumbe kuuliza kama mjomba anaweza kuja tena ziara ijayo. Mjomba ameuliza kama analipa au analipwa, na kama kiti cha mbele bado kipo. Tunangoja jibu.