Kitabu cha kununua kwa CLEP ya College Algebra: fungua kurasa za majibu kwanza

Nilipata 46 kwenye College Algebra, yaani aljebra ya chuo. Aliyewahi kufanya mtihani wa CLEP, ule wa Marekani unaokupa krediti za chuo bila kukaa darasani, anajua namba hiyo inavyouma, maana alama zake zinaanzia 20 hadi 80 na vyuo vingi vinataka 50. Alama nne tu zikaninyima krediti 3 za hesabu, zile ambazo zingenivusha kuelekea masomo ya uuguzi bila kukaa darasani muhula mzima na kulipia kila saa yake. Ukishakosa, unasubiri miezi mitatu ndipo uruhusiwe kurudia. Miezi hiyo niliitumia kutafuta kilichoniangusha. Nimekipata, na naandika kwa ajili ya ndugu zangu mlioko Marekani, hasa sisi wa zamu za usiku kwenye nyumba za wazee, tunaosomea ndani ya gari wakati wa mapumziko. Kilichoniangusha ni kitabu.

Kilikuwa cha mtumba, nimekiagiza mtandaoni kwa dola 18. Muuzaji aliandika "hali nzuri sana", na kweli kilikuwa safi, hakuna aliyekichorachora. Maswali yamejaa. Ila nyuma, kwenye majibu, nilikuta hivi: 1 B, 2 D, 3 A, 4 A. Basi, hadi ukurasa wa mwisho. Ukikosa unaambiwa umekosa, halafu unaachwa hapohapo.

Chukua swali hili. Logi (logarithm) ya msingi 2 ya x, jumlisha logi ya msingi 2 ya (x − 2), jumla yake ni 3. Tafuta x. Unaziunganisha logi mbili unapata x(x − 2) = 8, unahamisha unapata x² − 2x − 8 = 0, unagawa kwenye mabano: (x − 4)(x + 2) = 0. Nikapata 4 na −2, nikachagua jibu lenye zote mbili. Kitabu kikasema C, na C ilikuwa 4 peke yake. Saa tisa za usiku nimerudia hesabu ile mara nne, kila mara inatoka vilevile, mwisho nikaamini kitabu kimekosewa chapa. Hakikukosewa. Namba hasi haina logi, kwa hiyo −2 ukiirudisha kwenye swali la mwanzo inakataa. Ni maelezo ya mstari mmoja. Mstari huo haukuwemo, nami nikaingia na kosa lile hadi chumba cha mtihani.

Tuliosoma nyumbani tunamkumbuka mwalimu wa hesabu anavyogonga ubao: onyesha njia! Jibu likiwa sahihi bila njia, alama zinakatwa. Mtihani huu hauna habari na njia yako. Ni maswali kama 60 kwa dakika 90, mengi ya kuchagua, unayafanyia kwenye kompyuta, na ukibahatisha ukakosa hupunguziwi kitu. Nadhani ndiyo maana kuna wachapishaji wanaoona herufi inatosha. Lakini anayejifunza peke yake hana mwalimu wa kumfuata ofisini. Mwalimu wake ni zile kurasa za nyuma, na zikiwa na herufi tupu, amelipia maswali bila mwalimu.

Kwa hiyo hapa sipimi wingi wa kurasa wala uzuri wa jalada. Kila nilichokishika nimekiuliza jambo moja: nikikosa, utanieleza nini? Na swali langu la kupimia ni lile la logi. Natafuta la namna hiyo kwenye majibu, naangalia kama wamesema kwa nini −2 imetupwa.

Namba moja ni REA, wachapishaji wa vitabu vya kujiandaa na mitihani, na sifichi kwamba ndio ninaowapenda. Kitabu chao cha CLEP College Algebra kinakuja pamoja na mitihani ya majaribio mtandaoni, na majibu yamefunguliwa hatua kwa hatua, pamoja na yale ambayo mtu angedhani yako wazi. Unaanza na jaribio la kukupima, unaona unapwaya wapi. Mimi nilikuwa najidanganya kwamba tatizo langu ni hesabu za sehemu (nusu, robo), kumbe ni fanksheni, na fanksheni ndilo fungu kubwa kuliko yote: asilimia 30 ya mtihani. Kurahisisha maneno ya aljebra ni 25, milinganyo na zisizo sawa 25, mifumo ya namba 20. Wiki mbili nzima nikakaa kwenye fanksheni tu: nini kinaruhusiwa kuingia, nini kinatoka, grafu inasogea kulia au kushoto ukigusa nini. Niliporudia mtihani nilipata 61.

Nunueni kipya. Msimbo wa kuingilia mtandaoni umo ndani ya kitabu, na cha mtumba unaweza kukuta umeshatumika, hapo umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Bei ya kipya haifiki nusu ya ada ya mtihani, ambayo inakaribia dola 100 kabla hujalipa na ada ya kituo chenyewe.

Pili nawaweka Modern States. Hawa si wauzaji, ni taasisi isiyo ya faida. Kozi yao ya College Algebra iko mtandaoni, mwalimu anafundisha kwa video na anaandika njia yote mbele yako. Ukimaliza kozi na mazoezi yake unaomba vocha inayolipia ada ya mtihani. Nimekutana na wenzetu wengi waliolipa ada kutoka mfukoni bila kujua vocha hiyo ipo, na inanisikitisha, maana kwa wengi wetu dola 100 ni matumizi ya nyumbani kwa mama. Sikuwaweka wa kwanza kwa sababu mimi hujifunza kwa kalamu zaidi kuliko kwa kutazama. Kama wewe ni wa kutazama, anza nao halafu ongeza REA.

Tatu ni mwongozo wa College Board wenyewe, wenye mtihani. Kuna kitabu kikubwa kinachobeba mitihani yao yote, hicho hukihitaji. Tafuta mwongozo wa College Algebra peke yake, ni bei ndogo. Kazi yake ni kukuonyesha sura ya maswali jinsi wenyewe wanavyoyatunga, kwa hiyo uweke wiki ya mwisho, ukishajua njia.

Tovuti za kulipia kila mwezi, kama Study.com na Peterson's, zinamfaa mwenye ratiba. Mwenye zamu zinazobadilika kila wiki atalipia miezi ambayo hakuingia hata mara moja.

Vya bure: Khan Academy ni nzuri kwa kupasha misuli. Kitabu cha OpenStax kutoka Chuo Kikuu cha Rice ni kinene kuliko mtihani unavyohitaji, na majibu yake ya nyuma ni ya maswali ya namba witiri tu.

Sasa niseme kuhusu wauzaji. Kwenye makundi yetu ya WhatsApp kuna watu wanauza mafaili wanayoyaita maswali halisi ya mtihani. Msinunue. Kama ni ya uongo, umepoteza pesa. Kama ni ya kweli, yameibwa, na matokeo yako yanaweza kufutwa. Wanaowauzia ni wenzetu, wanajua mnavyochoka, wanajua mnavyotaka njia ya mkato, na wanapanga bei kulingana na uchovu huo. Nimeona mmoja akiuza kurasa kumi na mbili kwa dola 40, nyuma yake ni herufi tupu tena, na mbili kati ya hizo si sahihi.

Na kuna hili la vikokotoo. Mdogo wangu alikwenda dukani akasema anajiandaa na mtihani wa aljebra wa chuo. Kijana wa kaunta akampa kikokotoo cha kuchora grafu, zaidi ya dola 100, akamwambia bila hicho hawezi kufaulu. Hakumuuliza ni mtihani gani. Kwenye CLEP huruhusiwi kuingia na kikokotoo chako. Kimewekwa cha kisayansi ndani ya kompyuta ya mtihani, kisichochora grafu, unakitumia hapo hapo kwenye skrini. Pesa ile ingenunua kitabu kipya cha REA, mwongozo wa College Board, na mafuta ya gari ya kwenda kituoni. Nilirudi naye dukani Jumamosi. Wakasema plastiki ya boksi imeshachanwa, hawapokei.